Namna ya Kutupa Mtupo Huru katika Mpira wa Kikapu
Mchezaji aliyechezewa madhambi wakati akitupa mpira kikapuni hupewa mitupo huru, ambayo huitupa bila kuzuiwa na mtu, nyuma ya mstari ulio mita 4.6 kutoka kwenye ubao, ndani ya sekunde 5 tangu mwamuzi amkabidhi mpira. Tanguliza kidogo mguu wa upande wa mkono unaotupia, kunja magoti, kisha ushike mpira kwa vidole, kiganja kisiuguse. Nguvu hutoka miguuni, jambo ambalo wanaoanza hulisahau mno. Mkono wa pili hutegemeza tu. Unapouachia mpira, nyoosha kiwiko na uinamishe kifundo cha mkono mbele, ili mpira upae juu ya pete, iliyo mita 3.05 kutoka sakafuni. Usikanyage mstari kabla mpira haujagusa pete.