Somo: Sony a6000 iliyotumika, na vumbi letu la Dodoma

Wanaoniuliza kamera ya kuanzia yenye bei ya kawaida nawajibu hivi siku zote: tafuta Sony a6000 iliyotumika. Ilitoka 2014, ina megapikseli 24.3, na bila lenzi haifiki hata gramu 350. Udogo wake unatokana na kukosa kile kioo cha ndani cha DSLR, zile kamera kubwa za lenzi za kubadili. Ila kwa kuwa kioo hakipo, ukitoa lenzi tu sensa, yaani kile kibamba kinachonasa picha, iko wazi mbele yako, na kiangazi cha hapa mnakijua. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye sensa.

Hatua ya 1: kabla hujatoa hela. Washa, ingia kwenye menyu. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake. Muuzaji atakuapia kwamba fundi anabadilisha; mwachie kamera yake. Kisha angalia lenzi yake ya milimita 16-50, ambayo hujitokeza yenyewe ukiwasha. Ikikwaruza au ikigoma njiani, achana nayo.

Hatua ya 2: pima sensa. Zungusha gurudumu la juu hadi A (unachagua mwenyewe tundu la lenzi), weka f/22 (tundu dogo sana) na ISO 100 (kamera isihisi mwanga sana), piga anga la bluu lisilo na wingu. Mkono ukitikisika si neno, kwa sababu vumbi limeganda kwenye sensa na litaonekana tu. Kuza picha, uitembeze kona hadi kona. Vidoa vya kijivu vya mviringo mara nyingi ni vumbi, vinasafishika. Mkwaruzo hausafishiki.

Hatua ya 3: kubadili lenzi. Zima kamera kwanza. Usidanganyike kwamba ukizima, pazia la mbele ya sensa linafunga. Kwa hii linabaki wazi. Upe upepo mgongo, au ingia kwenye gari upandishe vioo. Lenzi mpya iwe tayari, kifuniko chake cha nyuma kimeshalegezwa, na mdomo wa kamera utazame chini muda wote. Vumbi likiingia, chagua usafishaji wa sensa kwenye menyu: itatetemeka, kisha utaizima, utoe lenzi na kupuliza kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, utaitemea mate.

Hatua ya 4: fokasi. Weka AF-C, ambapo kamera inaendelea kumlenga anayesogea, na upigaji wa mfululizo. Inafika picha 11 kwa sekunde. Kwa akina mama wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, mikono ikiwa haishikiki juu ya ngoma, utapata angalau moja yenye uso mzuri. Fokasi ya jicho ipo, lakini haifanyi kazi mpaka uipangie kitufe. Saa sita mchana skrini haionekani, kwa hiyo tumia kitundu cha kuchungulia.

MASWALI

*Mwanachama, Nkuhungu:* Mwalimu, nataka kurekodi harusi. Maiki naichomeka wapi?
— Haina tundu la maiki, kaka, na video inaishia ubora wa 1080p (Full HD). Rekodi sauti pembeni kwa simu, uziunganishe baadaye. Kama kazi yako ni video tupu, ongeza hela utafute nyingine.

*Mwanachama, Kikuyu:* Shikamoo. Ukumbi wetu una mwanga hafifu na flashi inawapausha watu.
— Marahaba. Ile flashi ndogo ikishachomoza, ivute nyuma kwa kidole na uishikilie, mwanga ugonge dari. Dari likiwa jeupe na la chini utapenda. Likiwa juu sana, nunua lenzi ya 50mm f/1.8, tundu lake kubwa huingiza mwanga mwingi.

*Mwanachama, Ipagala:* Betri inaisha mapema!
— Ndivyo ilivyo, moja ni kama picha 360. Nunua ya pili. Halafu inachajiwa ikiwa ndani ya kamera kwa waya wa micro-USB, kwa hiyo hata pawabanki inakutosha.

*Mwanachama, Kondoa:* Nina wageni wa kuwapeleka Kolo kwenye michoro ya miambani. Nibebe lenzi gani, mkuu?
— Hiyo hiyo 16-50, na usiibadili kule juu. Funga flashi, weka f/8, na kama mwamba uko kivulini pandisha ISO hadi 800.