Arusha hadi Moshi: safari ya kupelekwa igeuze kuwa matembezi ya siku nzima

Arusha na Moshi zimetengana kwa kilometa 80 hivi, na gari la kukodi linakufikisha kwa saa moja na nusu hadi mbili. Kinachokula muda ni miji midogo iliyofuatana, Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe, yenye vibao vya kilometa 50 kwa saa, matuta na trafiki. Kwa kuwa gari umeshalilipia, gharama ya kulisimamisha njiani si kubwa. Panga vituo viwili tu: kidogo asubuhi, kikubwa mchana. Wanaopanga vinne hushinda ndani ya gari.

Mambo mengi huharibika kwenye makubaliano na dereva. Bei ya kupelekwa ni ya kushushwa na kuachana. Ukianza kuomba michepuko mkiwa barabarani, mtagombana, na haki itakuwa yake. Mwambie tangu awali kwamba unataka gari la siku nzima, taja vituo kwa majina na saa ya kufika Moshi, kisha uliza bei hiyo inabeba nini: mafuta ya mchepuko, muda wa kusubiri, chakula chake, na safari yake ya kurudi Arusha na gari tupu. Viingilio kwa kawaida ni juu yako. Yote yaandikwe kwenye WhatsApp. Beba kitambulisho, maana raia na wageni hawalipi sawa sehemu nyingi, na noti ndogo, kwa sababu chenji getini ni shida.

Ondoka Arusha saa 1:00 asubuhi. Ukielekea Moshi, Meru na Kilimanjaro yote yako kushoto, na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, siti ya mbele ya abiria ndiyo yenye mandhari. Mpe mgeni. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri asubuhi na mapema, kisha mawingu huufunika mlima. Ukiukuta uko wazi, piga picha hapohapo, usiseme utapiga mbele.

Kituo cha kwanza ni Ziwa Duluti, pale Tengeru. Ni ziwa dogo la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi. Njia ya miguu kulizunguka huchukua saa moja hadi moja na nusu kwa mwendo wa taratibu. Vaa viatu vilivyofungwa, kwani mizizi huteleza hata wakati wa kiangazi. Ikiwa ni Jumatano au Jumamosi, soko la Tengeru limejaa: nunua ndizi na parachichi za njiani, ila ongeza nusu saa kwenye ratiba, kwa sababu foleni ya siku ya soko haikwepeki. Saa 3:30 muwe barabarani.

Kituo kikubwa ni Chemka, ambayo wengine huiita Kikuletwa. Mnaacha lami Boma Ng'ombe na kushuka upande wa Rundugai, nusu saa au zaidi kwenye barabara mbovu. Watu huiita chemchemi ya maji moto, lakini maji ni ya uvuguvugu tu. Uzuri wake ni uangavu wake na mizizi ya mikuyu iliyoyazunguka. Kiangazi Noah inafika, ingawa itakwaruzwa chini, na vumbi linaingia kila mahali, kwa hiyo funika mabegi kwa kanga kuukuu. Masika, Machi hadi Mei, matope hunasa magari ya chini: chukua gari la juu au futa Chemka kabisa. Fika kabla ya saa 6:00, agiza chakula kwanza ndipo uingie majini, kwani jiko hutumia muda. Asiyejua kuogelea asitegemee kamba ya kurukia. Sehemu nyingine kina ni kirefu. Wikiendi pana fujo ya muziki na umati, hivyo siku za kazi ni bora zaidi.

Mizigo ndiyo watu husahau. Siku hiyo mna mabegi yote garini, kwa hiyo dereva abaki na gari badala ya kuogelea nanyi, na pasipoti, simu na pesa zikae kwenye begi dogo ambalo mmoja wenu analishika. Taulo na ndara ziwe juu kabisa, usije ukafungua sanduku zima kwenye vumbi.

Mkiondoka Chemka saa 8:30, Moshi mtafika kabla ya saa 11:00 jioni, muda ambao Kibo mara nyingi hufunguka tena.

Anayependa wanyama aache Chemka, akate kushoto Usa River kwenda Hifadhi ya Arusha: twiga, nyati, mbega na maziwa ya Momella. Hiyo inakula siku yenyewe, malipo ya getini si ya fedha taslimu, na lazima uulize kama gari lina leseni ya kubeba watalii. Teksi ya kawaida inaweza kurudishwa.

Mwenye ndege jioni asijaribu Chemka. Njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, iko kabla ya Boma Ng'ombe, kwa hiyo utaipita kisha urudi, na pancha moja kwenye vumbi inatosha kukukosesha ndege. Duluti inamtosha.

Ukitokea Moshi kwenda Arusha, hamia siti ya nyuma ya dereva, milima iko kulia. Hapo badilisha mpangilio: Chemka kwanza, Duluti mwisho.