Chakula cha jioni cha kozi nne kwa majiko matatu, kutoka jikoni Kigoma

Hapa Kigoma mtu akisema anaalika wageni wa heshima, picha inayokuja ni pilau, kuku wa kukaanga, chapati, kachumbari, tikiti na soda, vyote vimepangwa mezani kwa mpigo na kila mmoja anajipakulia. Hakuna ubaya. Ila ipo namna nyingine: chakula kinakuja kidogo kidogo, sahani moja ikiondoka ndipo nyingine inaingia, na watu wanakaa mezani saa mbili nzima wakipiga soga. Hotelini wanaita kozi. Nyumbani inawezekana kabisa, na karibu kila kitu utakipata kati ya mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, na soko la Mwanga.

Mimi napikia shughuli za watu. Ninaowaona wakikwama hawakwami kwenye mapishi, wanakwama kwenye moto. Vitu vinne vinataka jiko dakika ile ile, na majiko yapo mawili. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa saa kuliko kwa vyakula. Ni wa watu sita, majiko mawili ya mkaa na mtungi mdogo wa gesi.

Tutakachopika: dagaa wakavu wa kukaanga juu ya vipande vya ndizi; supu nyepesi ya vichwa vya kuhe, samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika; mgebuka, samaki mwingine wa ziwa hilo, kwenye mchuzi wa mawese, pamoja na sombe (kisamvu) na ugali wa muhogo; mwisho nanasi la kuchoma kwa asali, na kahawa.

Hatua ya 1: Angalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda

Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Samaki wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima limeangazwa, taa ya mvuvi inakuwa haina maana, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Ukiweka karamu yako katikati ya mbalamwezi utanunua samaki wachache kwa bei ya kuumiza, au utauziwa waliolala kwenye barafu. Weka tarehe kwenye giza.

Uliza pia kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho tumia migebuka waliokaushwa kwa moshi, uwaloweke kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuwatia kwenye mchuzi. Supu ifanye ya kuku wa kienyeji.

Hatua ya 2: Siku moja kabla, malizana na sombe

Sombe ndiyo inayokula moto kuliko kitu chochote kwenye orodha hii, kwa hiyo iondoe njiani mapema. Bahati nzuri, ikilala inakuwa tamu zaidi.

Chukua majani machanga ya muhogo, mafungu manne makubwa. Yatwange kwenye kinu mpaka yalainike kabisa. Ya kusagwa na mashine sokoni yanafaa pia. Yachemshe kwa maji mengi, na nusu saa ya kwanza sufuria iwe wazi. Hili si la kupuuza: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kutwanga pamoja na kuchemsha bila mfuniko ndiko kunakoitoa ikapotea na mvuke. Baada ya hapo funika, acha saa moja na nusu hivi kwenye moto wa wastani. Tia vitunguu maji viwili, nyanya chungu tano na bilinganya moja iliyokatwakatwa. Vikishaiva, koroga karanga mbichi zilizosagwa, kikombe kimoja, na chumvi. Moto uwe mdogo, maana karanga hushika chini haraka.

Wengi hapa wanatia mawese kwenye sombe, nami nikila nyumbani natia. Kwa mlo huu usitie. Mawese yaje mara moja tu, kwenye samaki, yasikike vizuri. Yakiwa kila mahali mgeni anachoka kabla hujafika kwenye nanasi.

Hatua ya 3: Asubuhi, Kibirizi

Fika mapema, mitumbwi ikiwa bado inashusha. Unataka migebuka sita wa saizi moja, kila mmoja wa kutosha sahani ya mtu mmoja, na vichwa viwili vikubwa vya kuhe. Dagaa wakavu robo kilo. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja badala ya mchangani, utashukuru baadaye.

Mgebuka ana mafuta, na tumbo ndilo linaloanza kuharibika. Usihangaike na macho peke yake.

"Shikamoo mama. Hawa ni wa usiku huu?"

"Marahaba mwanangu. Mguse tumbo."

Mguse kweli. Kidole kikizama na shimo likabaki, mshukuru na uende kwa mwingine. Wakitoboleka si wa sahani ya mgeni, hata bei iwe nzuri namna gani. Waparuliwe na kutolewa matumbo pale pale, uwabebe kwenye ndoo yenye barafu.

Hatua ya 4: Saa nane mchana, supu

Vichwa vya kuhe vitoe matamvua yote. Ndiyo yanayotia supu uchungu na kuifanya chafu. Viloweke nusu saa kwenye maji baridi yenye chumvi, kisha mwaga.

Weka vichwa kwenye maji mapya, baridi, lita mbili. Tia kitunguu kilichokatwa mara nne, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole na pilipili manga nzima chache. Bandika kwenye gesi, maana mkaa hauwezi kupunguzwa kwa haraka. Povu likianza kupanda, liengue kwa kijiko mpaka liishe. Kuanzia hapo maji yasitokote kwa fujo. Yatoe kiputo kimoja kimoja pembeni mwa sufuria. Ukiyaacha yachemke kwa nguvu, mafuta yanachanganyika na maji na supu inakuwa kama maji ya kuoshea mchele. Dakika 40 zinatosha.

Chuja kwa kitambaa cheupe safi bila kukikamua. Onja, tia chumvi. Nyama ya vichwani wape watoto, hawatakuuliza swali. Supu iweke pembeni hadi jioni.

Hatua ya 5: Saa kumi, dagaa na ndizi

Dagaa watoe vichwa. Waoshe maji matatu, na kila mara watoe kwa mkono, wakielea, uwahamishie bakuli jingine; ukimwaga maji kwa kuinamisha bakuli, mchanga ulioshuka chini unarudi juu yao. Watandaze kwenye kitambaa wakauke.

Menya ndizi mbichi nne za kupika, zikate mshazari, unene wa nusu kidole. Zikaange ziwe za dhahabu, zichuje mafuta. Mafuta hayo hayo yatumie kwa dagaa, konzi moja moja. Sikiliza: wakiingia wanapiga kelele nyingi, maji yakiisha kelele inafifia. Inapofifia, epua papo hapo. Ukisubiri rangi ndiyo ikuambie, umechelewa.

Kata kitunguu chembamba sana, kiweke kwenye maji ya ndimu na pilipili mbuzi robo. Hicho usikichanganye na dagaa mpaka dakika ya kupeleka mezani.

Hatua ya 6: Saa kumi na moja na nusu, mchuzi wa mawese

Samaki wanyunyizie chumvi, waache dakika 20, wafute maji kwa kitambaa. Wapake unga wa ngano kidogo mno na uwakaange pande zote kwenye mafuta ya alizeti mpaka ngozi ishike. Ndani wawe bado hawajaiva vizuri. Watamalizikia kwenye mchuzi.

Sasa mawese. Vijiko sita vya chakula, kwenye sufuria nzito, moto mdogo wa mkaa. Yakiwa mabichi yana harufu nzito ya majani na udongo. Dondoshea kipande cha kitunguu. Kikianza kuchezacheza na harufu ikageuka ikawa kama ya karanga, tia kitunguu chote. Usingoje moshi. Mawese yaliyounguzwa hupoteza wekundu wake na kuacha ladha inayokwaruza kooni, na wekundu ndio tunaoutaka kwenye sahani nyeupe.

Kitunguu kikilainika, tia vitunguu saumu punje nne zilizopondwa, kisha nyanya tano zilizokunwa. Acha mpaka mawese yajitenge na kuelea pembeni. Ongeza upawa mmoja wa ile supu ya kuhe, chumvi na pilipili nzima bila kuipasua. Epua. Mgebuka bado hajaingia.

Hatua ya 7: Wageni

Usiwaalike saa kumi na mbili na nusu kama wanavyofanya Dar. Sisi tuko magharibi ya mbali, jua letu linachelewa kuzama, na swala ya magharibi inaangukia karibu na saa moja. Waambie saa mbili kasoro robo. Watafika wameshaswali, nawe utakuwa umeoga.

Saa moja na nusu washa majiko yote mawili. Wakishakaa, peleka dagaa: vipande vitatu vya ndizi kwa kila mtu, dagaa juu, kachumbari ya ndimu juu yake. Wakila, supu inapata moto kwenye gesi. Ipeleke kwenye vikombe vya chai, nusu kikombe, na majani machache ya giligilani. Nusu inatosha, bado kuna ugali.

Wanapokunywa supu, jiko la kwanza linarudisha mchuzi na samaki wanazamishwa humo dakika kumi, bila kugeuzwa, utawavunja. Sombe inachukua gesi. Jiko la pili ni la ugali: maji lita moja yanayochemka, unga wa muhogo unaoingia kidogo kidogo huku unasonga, kiasi cha gramu 600. Tafuta mtu mwenye mkono. Ugali wa muhogo haumsubiri mgeni, ukipoa unavuta kama mpira. Lowanisha bakuli dogo kwa maji, jaza ugali, pindulia kwenye sahani.

Kabla sahani hazijatoka, pitisha birika na beseni. Maji ya vuguvugu, vipande vya ndimu ndani, taulo safi begani, uanze na mkubwa kuliko wote mezani. Hoteli za kwetu nyingi zimeacha hili na kuweka uma na kisu, na naona wamejinyima jambo zuri kuliko yote waliyonayo.

Sahani: ugali upande mmoja, sombe upande wa pili, mgebuka mzima katikati, mchuzi mwekundu chini yake na si juu, ili ngozi ionekane. Futa ukingo.

Hatua ya 8: Nanasi

Mkaa uliopikia mchuzi sasa umeshika jivu jeupe, ndio moto unaofaa. Weka wavu, choma vipande vya nanasi mpaka viwe na michirizi ya kahawia, vipake asali ya Tabora na chembe ya chumvi ya Uvinza, rudisha nusu dakika tu kwa sababu asali inaungua upesi. Kahawa iwe ya milima ya Buhigwe au Kasulu, chungu, kwenye vikombe vidogo. Sukari iwekwe mezani, kila mtu ajiamulie.

Sombe ikibaki, kesho ile na wali. Mchuzi wa mawese uliobaki uchuje miiba na uupikie maharage. Mgebuka aliyebaki mmalize usiku huo huo.