Namna ya kuisoma riwaya ya sarakasi na kuitolea maoni yako

Kwa miaka tisa nilikuwa mtu wa chini katika sarakasi. Mazoezi tulifanya mchangani pale Pirates, ufuo wa Mombasa, maji yakipwa, usiku tukicheza kwenye hoteli za Bamburi na Shanzu. Mtu wa chini ndiye anayesimama wenzake wakampanda mabegani. Watazamaji hawamuoni, macho yao yako kwa yule wa juu kabisa aliyeshika bendera. Basi nilipoazimwa Water for Elephants, riwaya ya Sara Gruen ya mwaka 2006, nilianza kwa kumtafuta mtu wa chini. Nawe ukipata riwaya ya sarakasi za zamani, anza na huyo.

Mara ya kwanza soma bila kalamu, hadithi ikuchukue. Jacob Jankowski anasomea utabibu wa wanyama, wazazi wake wanafariki kwenye ajali, naye usiku mmoja wa mwaka 1931 anadandia treni, kumbe ni ya sarakasi. Anayesimulia ni Jacob huyo huyo, sasa ana miaka tisini na ushei, yuko katika nyumba ya kutunzia wazee. Usiziruke sura za uzeeni kwa kukimbilia ndovu. Kwangu mimi ndizo bora kuliko zote. Kuna mzee mwenzake anayejigamba mezani kwamba aliwahi kuwabebea ndovu maji, na Jacob anamwita mwongo mbele ya watu. Aliyewahi kuifanya kazi ile anajua kwa nini hasira inampanda namna hiyo.

Mara ya pili chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika aliyoyatunga mwandishi, upande wa pili yale ambayo historia inayajua. Hapa usifanye haraka. Mfano ni Camel, kibarua mzee anayempatia Jacob kazi, ambaye baadaye miguu yake inapooza kwa sababu ya kileo cha tangawizi kilichoitwa jake. Camel ni wa kutungwa, lakini kupooza kule kulitokea kweli. Pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani tangu 1920, watu wakawa wanakunywa dawa ya tangawizi yenye kilevi, na mwaka 1930 dawa hiyo ilichanganywa na kemikali yenye sumu. Maelfu walipooza miguu, wengi wao maskini.

Chini ya hapo niliandika ajali ya treni ya sarakasi ya Hagenbeck-Wallace, karibu na Hammond, Indiana, tarehe 22 Juni 1918. Walikufa watu 86. Wengi walizikwa Forest Park, nje ya Chicago, na baadhi yao hakuna aliyeyajua majina yao halisi. Jiwe moja la kaburi limeandikwa tu kwamba ni la mwendeshaji wa farasi wanne. Nilipolijua hilo, zile kurasa ambazo vibarua wanatupwa nje ya treni usiku ili wasilipwe nilizirudia polepole. Mimi pia hoteli moja ilinikata malipo ya wiki mbili nilipoteguka mkono.

Kisha pima kwa mwili wako. Uwanja wa sarakasi ni duara la upana wa karibu mita 13, kipimo kilichotokana na Philip Astley na farasi wake London katika karne ya 18. Nenda ufukweni na kamba ya mita sita na nusu, mmoja ashike ncha katikati, mwingine azunguke akichora. Simama ndani. Utashangaa udogo wake, na utaelewa ndovu na farasi walivyokuwa karibu na watu wa mbele.

Sasa toa hukumu, usiogope. Yangu ni hii. Ndovu Rosie ameandikwa vizuri mno. Anapigwa kwa kulabu na kuitwa mjinga, hadi inapogundulika kwamba amri anazozielewa ni za Kipolandi. Lakini August, anayempiga, kitabu kinamfanya mgonjwa wa akili, na hilo silikubali. Kulabu ilikuwa chombo cha kazi, mikononi mwa watu wazima wa akili. Na Marlena, mcheza na farasi, tunaonyeshwa uzuri wake kila mara, mwili wake wa kazi hatuuhisi. Mimi nakumbuka mchanga wa nyayo za mwenzangu ukinisaga ngozi ya bega kila alipojisawazisha. Kitu kama hicho nilikitafuta kwa Marlena, sikukipata.

Ukienda kuyasema mbele ya watu, usianze na muhtasari. Chagua ukurasa mmoja, usome, uueleze kwa Kiswahili chako, na mwisho wa hadithi uufiche. Sisi hukutana Kibokoni, kwa bibi mmoja mwenye kahawa nzuri na kashata. Nilisoma ukurasa wa Camel. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Camel si ni ngamia, mwanangu? Jina alilopewa na mamake ni lipi?"

Tukakifungua kitabu tena kuanzia mwanzo, kulitafuta.