Pesa ya kufukia maduara yaliyoachwa: anzia wapi

Rashi ya rubi, yaani mbio za kuchimba vito hivyo vyekundu, ilipoingia Winza, Mpwapwa, mwaka 2008, watu walimiminika kwa maelfu. Rashi ikiisha wanahama, mashimo yao, yaani maduara, yanabaki. Viongozi wa vijiji, hii ndiyo njia ninayowaelekeza.

Hatua ya 1: mtafute mwenye leseni kabla ya kuomba senti kwa yeyote. Piga GPS ya shimo (namba za mahali lilipo) kwa simu, ukiwa mbali na ukingo, hasa pale watu walipochomoa matimba (magogo yanayozuia kuta za shimo) wakafanya kuni. Hapo udongo hauna kinachoushikilia. Peleka namba hizo kwa Afisa Madini Mkazi. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya miaka 7. Kama bado hai, mwenyewe ndiye wa kufukia. Inaniuma kuona wajane wakichangishwa mafuta ya kijiko (mashine ya kuchimbua udongo) ilhali mwenye eneo anajulikana na ofisi ipo.

Hatua ya 2: kila duara liwe na bei yake. Ombi la "fedha za mazingira" halifiki mbali. Andika: duara namba 4, nyuma ya shule, kina chake, upana wake, kifusi kiko umbali gani, kijiko siku ngapi. Kinachomeza pesa ni kusomba kifusi, kwa hiyo rundo lililo kando ya shimo lilindwe, lisiuzwe.

Hatua ya 3: peleka ombi pawili. Kwanza halmashauri, kwenye mapato yake ya ndani. Pili, kama jirani kuna mgodi unaofanya kazi, mpango wake wa uwajibikaji kwa jamii; tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni auandae kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Ambatisha muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye sahihi na mhuri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mvua zetu huanza Desemba, kwa hiyo ombi liwe limeingia kwenye bajeti mapema.

Hatua ya 4: kufukia. Hakikisheni kwanza hakuna mtu chini. Wapo wanaorudi usiku. Juu acheni udongo umeinuka kama kichuguu, maana udongo utashuka mvua zikianza.

Marudio ya mwalo wa dhahabu, yaani mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu, msiyasukumie shimoni kamwe. Yana zebaki, na maji ya visima yako huko chini. Hayo yana bajeti yake na wataalamu wake, waiteni NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Barua zikiwa bado zinazunguka, zungushieni miiba wiki hii hii. Inahitaji mapanga na nguvukazi tu.