Namna ya Kukitoa Kitabu cha Biashara Rafuni na Kukiingiza Karakanani

Vitabu vya biashara husomwa sana na kutumiwa kidogo, kwa sababu msomaji hupigia mstari mawazo mengi mazuri, kisha ikifika Jumatatu hajui aanze na lipi. Ninachopendekeza ni kuchukua swali moja tu kutoka kwa kila mwandishi na kulijibu kwa kalamu, ukiwa umesimama pale pale kazi inapofanyika. Tuchukue mfano wa karakana inayoshona sare za shule mwishoni mwa Desemba, wakati kila mzazi anataka shati kabla shule hazijafunguliwa.

Anza na swali la ufanisi: kazi inakwama wapi? Eliyahu Goldratt, Mwisraeli aliyesomea fizikia, aliliuliza mwaka 1984 katika The Goal, kitabu kilichoandikwa kama riwaya. Humo meneja wa kiwanda anawaongoza wavulana katika matembezi ya porini na kugundua kwamba kundi zima haliwezi kufika mapema kuliko mtoto mmoja mzito, Herbie. Anamweka mbele, kisha mzigo wake unagawanywa kwa wenzake.

Ili kumpata Herbie wako, usikadirie. Hesabu kwa siku tatu. Tuseme mkataji anatoa mashati 60 kwa siku, mafundi wa cherehani wanaunganisha 45, na mashine moja ya kutoboa matundu ya vifungo inamaliza 30. Karakana hiyo inauza mashati 30, hata mkataji angesifiwa namna gani, na rundo lililo kando ya mashine hiyo lingekuonyesha jambo hilo kabla ya daftari. Sasa itazame mashine yenyewe. Ikiwa katika siku ya saa nane inalala saa mbili, kwa sababu mwenye kuiendesha amekwenda kula au anatafuta uzi, basi inatoboa mashati matano kwa saa. Ukipanga mtu wa kumpokea na ukaweka uzi karibu, utapata mashati 40 bila kununua chochote. Kagua kola na mishono kabla shati halijafika hapo, maana shati bovu likitobolewa limekula dakika ambazo hazirudi. Mwisho mwambie mkataji asizidishe mashati 40. Agizo hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa tumezoea kumwona mtu aliyekaa kuwa mvivu. Lakini Taiichi Ohno, aliyejenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, aliweka kuzalisha kupita mahitaji miongoni mwa aina saba za upotevu, na akauona kuwa mbaya kuliko zote kwa sababu unaficha nyingine. Ukishayafanya hayo na bado wateja wanasubiri, hapo ndipo ununue mashine ya pili, kisha uhesabu upya, kwa sababu huenda kazi imehamia kukwama kwenye pasi.

Swali la mkakati ni fupi: kazi gani utaikataa? Michael Porter wa Harvard alieleza katika makala yake ya mwaka 1996 kwamba kiini cha mkakati ni kuchagua lipi usilifanye. Andika kazi tatu ambazo karakana haitazipokea hadi mwisho wa Januari, kwa mfano magauni ya harusi, na uibandike karatasi hiyo mahali wateja wanapoiona, la sivyo gauni la kwanza litaletwa na shangazi yako.

Kuhusu ubunifu, uliza: wateja wanakitumia vipi kitu chako nje ya ulivyokusudia? Clayton Christensen, naye profesa wa Harvard, alionyesha mwaka 1997, kwa mfano wa watengenezaji wa diski za kompyuta, jinsi kampuni kubwa zilivyopitwa na kampuni changa zilizotengeneza diski ndogo, kwa sababu ziliwasikiliza mno wateja wao bora, ambao hawakuzihitaji. Mfano wa karibu nasi ni M-Pesa, iliyojaribiwa Kenya kwa ajili ya kulipia mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana fedha, na huduma iliyozinduliwa mwaka 2007 ikajengwa juu ya matumizi hayo.

Weka basi daftari kwenye meza ya kupimia, na kila ombi lisilo la kawaida liandikwe kwa maneno ya mteja mwenyewe, pamoja na tarehe. Ikiwa wazazi kadhaa wameleta sketi za mwaka jana wakitaka pindo lifunguliwe, usikimbilie kubadilisha sare zote. Shona sketi kumi zenye pindo pana linaloweza kushushwa mara mbili, zitoze bei inayofidia kitambaa kilichoongezeka, na uzitundike kando ya zile za kawaida. Atakayezichagua mwulize mtoto ana umri gani, na jibu lake liingie katika daftari lile lile.