Uvimbe wa shingo: mambo ya kuzingatia kabla ya kukubali upasuliwe

Ukikuta uvimbe shingoni, acha kuubinyabinya. Andika tarehe, mahali ulipo na ukubwa wake. Kagua meno, koo na ngozi ya kichwa. Mtoto mwenye mapunye huvimba tezi kisogoni. Tezi za namna hiyo huuma, husogea chini ya kidole, na aghalabu hupungua ndani ya wiki mbili. Uvimbe wa mbele unaopanda ukimeza maji mara nyingi ni rovu. Upimwe damu na ultrasaundi.

Wiki mbili zikipita bila kupungua, nenda hospitali. Usingoje mpaka uanze kuuma. Uvimbe mgumu usiouma, usiosogea, uliozidi sentimita 2 au ulio juu ya mtulinga ndio wa kutiliwa shaka zaidi, hasa ukiandamana na jasho la usiku, kukonda au sauti iliyokwaruza kwa wiki 3.

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa sababu limewaharibu wengi hapa Nairobi. Mtu ana TB ya tezi, yaani kifua kikuu kilichoshika tezi za limfu za shingo. Kliniki ya mtaani inampa antibiotiki, kisha nyingine. Uvimbe unalainika katikati, ngozi yake haina joto, anaambiwa ni jipu, unapasuliwa. Kidonda hakifungi. Kinachuruza usaha kwa miezi, shashi inabadilishwa kila siku, kola ya shati imeganda, na dawa ya kuua vijidudu vyenyewe bado haijaanzwa. Kwa hiyo kabla ya kisu, dai sindano nyembamba ya kuvuta sampuli kwenye uvimbe. Ni dakika chache tu. Uliza waziwazi: sampuli inaangaliwa kwa darubini pekee, au inapimwa GeneXpert pia, mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB? Taka zote mbili. Na eksirei safi ya kifua haiondoi TB ya tezi. Dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, kwa kawaida miezi 6; tezi ikivimba zaidi wiki za mwanzo, rudi kliniki lakini usiache dawa.

Kataa prednisolone, dawa ya steroidi, kabla ya sampuli kuchukuliwa. Hupunguza uvimbe siku chache huku ikificha saratani ya tezi za limfu. Kubali kipimo cha HIV. Beba majibu yote ya awali, hata karatasi ya duka la dawa.

Ukishindwa kumeza mate, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hayo ya wiki mbili yasahau: nenda kitengo cha dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.